Kaa vamizi wenye jeni chache: kwa nini kuzaana ndugu kwa ndugu hakuwamalizi

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Tanga, kwa sasa nafanya kazi kwenye shamba la chaza jimboni Washington, Marekani. Maji yakikupwa tunatoa kaa wa kijani kwenye mitego, na tumeambiwa ni wageni kutoka Ulaya. Watafiti huja kutuomba mguu mmoja wa kila kaa, wanautumbukiza kwenye kichupa cha spiriti na kuondoka nao. Mmoja wao aliniambia kaa wote wa pwani hii wametokana na wachache sana, kwa hiyo vinasaba vyao havitofautiani sana. Kwetu tunajua mifugo ikizaana ndugu kwa ndugu hudhoofika. Mbona hawa hawadhoofiki? Tukizidi kuwatega mpaka wabaki wachache kabisa, si wataisha wenyewe? Na hiyo miguu wanaipeleka wapi?

Jibu: Ndugu yangu, mtafiti alikuambia kweli, na ulichosema kuhusu mifugo ni kweli vilevile. Tatizo liko katikati ya kauli hizo mbili. Kundi lenye jeni za aina chache si lazima liwe kundi la ndugu wanaodhoofishana. Na hata likiwa hivyo, mnyama anayebeba mayai zaidi ya laki hahesabu hasara kama mfugaji wa ng'ombe. Mitego nayo haitawafikisha kwenye mwisho unaouwazia, ingawa ina kazi yake, na nitaifikia. Nianze na walikotoka, maana bila historia hiyo habari za jeni hazieleweki.

Kaa huyu, kwa jina la kitaalamu Carcinus maenas, kwao ni pwani za Ulaya kuanzia Norway na kushuka hadi Afrika ya Kaskazini-Magharibi. Rangi isikudanganye, kwani wapo wa kijani, wa manjano na hata wekundu. Alama ya kumtambua ni meno matano kwenye ukingo wa gamba, kila upande wa macho. Pwani ya mashariki ya Marekani aliripotiwa mwaka 1817, enzi za merikebu za mbao. Upande wenu wa magharibi alichelewa sana kufika: alionekana Ghuba ya San Francisco mwaka 1989. Vinasaba vilipolinganishwa ikaonekana kwamba hao wa San Francisco hawakutoka Ulaya moja kwa moja, walitoka pwani ya mashariki ya Marekani yenyewe. Yaani wamechujwa mara mbili. Wachache waliotoka Ulaya walianzisha ukoo Atlantiki, kisha wachache wa ukoo huo wakaanzisha mwingine Pasifiki.

Baada ya hapo hawakuhitaji tena kubebwa na mtu. Jike hubeba mayai hadi 185,000 kwa mkupuo mmoja, na watoto wakianguliwa huelea baharini kwa wiki kadhaa kabla ya kutua chini. El Niño ya 1997 na 1998, ileile iliyotuletea mafuriko Afrika Mashariki, ilipasha maji ya Pasifiki na kuipa nguvu mikondo ya kwenda kaskazini. Watoto wa kaa wakasafiri nayo. Walionekana Oregon mwaka 1997, ghuba za Willapa na Grays Harbor jimboni kwenu mwaka 1998, na Kisiwa cha Vancouver mwaka 1999. Maji ya ndani, yale yanayoitwa Salish Sea, yaliguswa baadaye: Sooke upande wa Kanada mwaka 2012, kisha kisiwa cha San Juan na ghuba ya Padilla mwaka 2016. Mwaka 2021 Walummi, wenyeji wa asili wa eneo la Bellingham, waliwatoa zaidi ya 70,000 katika bwawa lao la maji ya bahari. Januari 2022 gavana wa Washington akatangaza hali ya dharura, na mwaka huohuo kaa wakaonekana Alaska. Umaskini wa jeni haukuwazuia popote katika safari hiyo.

Sasa tuingie kwenye huo umaskini wenyewe. Mtu akikuambia "tofauti za vinasaba zimepungua," muulize ni tofauti zipi, kwa sababu kuna vipimo viwili na watu huvichanganya, wanafunzi wangu wakiwa mstari wa mbele. Kipimo cha kwanza ni kuhesabu matoleo ya kila jeni yaliyopo katika kundi zima. Matoleo hayo kitaalamu huitwa aleli. Kipimo cha pili kinamtazama kaa mmoja: kuna uwezekano gani kwamba nakala aliyorithi kwa baba na ile aliyorithi kwa mama ni matoleo tofauti? Hiki cha pili ndicho kinachohusiana na udhaifu wa kuzaana ndugu kwa ndugu, maana udhaifu huo hutokea pale mtoto anapopata nakala mbili za toleo bovu lilelile, moja kwa baba na nyingine kwa mama.

Fanya hesabu hii. Tuseme walitua kaa 10 tu, waliochotwa bila mpango kutoka kundi kubwa. Kumi hao wana nakala 20 za kila jeni. Toleo adimu, lile ambalo walikotoka ni nakala 1 katika kila 100, lina uwezekano wa takriban asilimia 82 wa kukosekana kabisa katika hizo nakala 20. Kwa hiyo matoleo adimu mengi hufutika siku ileile ya kutua. Lakini toleo la kawaida, lenye nakala 30 katika kila 100, uwezekano wake wa kukosekana haufiki hata 1 kwa 1,000. Na kipimo cha pili kinaathirika vipi? Kinachopungua ni sehemu moja tu ya idadi ya nakala, yaani moja ya ishirini. Kaa hao kumi wanabaki na asilimia 95 ya kile walichokuwa nacho wazazi wao. Hata wangetua wawili tu, dume na jike wasio ndugu, wangebaki na asilimia 75.

Kwa hiyo kundi linaweza kuonekana fukara sana kwa kipimo cha kwanza huku likiwa na hali nzuri kwa kipimo cha pili. Hatari hukua pale kundi linapobaki dogo kizazi baada ya kizazi, kila kizazi kikikata tena kipande chake. Kaa wa San Francisco hawakukaa hivyo. Waliongezeka haraka, na kundi likishakuwa kubwa upotevu huo karibu unasimama.

Kuna jambo jingine lililofanya umaskini wao uonekane mkubwa kuliko ulivyo. Tafiti nyingi za mwanzo zilisoma DNA ya mitokondria, yaani vile vijisehemu vya seli vinavyotengeneza nishati, ambayo ilikuwa rahisi kusomwa kuliko ile ya kwenye kiini cha seli. DNA hiyo hurithiwa kwa mama peke yake, tena ni kama nakala moja. Rudi kwa kaa wetu kumi: kama watano ni majike, nakala zinazoingia kwenye hesabu ni 5 badala ya 20. Bila shaka zitapungua haraka. Ndiyo maana mimi nikisikia kundi vamizi limehukumiwa kwa mitokondria peke yake, huwa nasubiri ushahidi wa kiini kabla ya kukubali hukumu.

Turudi kwa mifugo, maana umegusa jambo la msingi. Mfugaji mwenye ng'ombe wanane na dume mmoja ana kundi dogo linalobaki dogo, na dume huyo mwisho huwapanda binti zake na wajukuu zake. Ndama akizaliwa dhaifu, hiyo ni hasara ya mwaka mzima. Kaa hayuko hivyo. Katika mayai yake 185,000, karibu yote yatakufa tu, yakiliwa na samaki, yakipotezwa na mkondo au yakitua mahali pabaya. Katika hao wanaokufa wamo waliorithi nakala mbili mbovu, na kufa kwao hakupunguzi chochote kwenye idadi ya kaa wakubwa watakaojaza mitego yako, kwa kuwa nafasi iliyoachwa inajazwa na wenzao wazima. Zaidi ya hayo, kila mara nakala mbili mbovu zinapokutana na kuua mtoto, matoleo hayo mabovu yanapungua katika ukoo. Kundi likinusurika vizazi vya mwanzo, linaweza kutoka upande wa pili likiwa limejisafisha kiasi. Si kila mara, na makundi mengi ya wageni hufa kimyakimya bila mtu kujua kama yalifika. Tunaowaona ni wale waliofaulu, na jambo hilo nalo hupotosha mawazo yetu.

Kuhusu kuwatega mpaka wabaki wachache, sikiliza habari za Seadrift, ziwa dogo la maji ya bahari huko Stinson Beach, kaskazini mwa San Francisco. Watafiti pamoja na watu wa kujitolea walianza kuwatoa kaa hawa mwaka 2009, wakati ambapo walikadiriwa kuwa 125,000. Kufikia 2013 walikuwa wamebaki chini ya 10,000. Mwaka uliofuata wakaruka hadi takriban 300,000, zaidi ya mara mbili ya walioanza nao. Sababu ni kwamba kaa wakubwa hula wadogo. Mitego ilipowaondoa wakubwa, wadogo wakakosa wa kuwala, wakakua wote kwa pamoja. Na angalia hesabu ya jeni: hata katika kipindi kile kibaya zaidi kwao, walikuwa bado maelfu. Kundi la maelfu halidhoofishwi na undugu. Ungelazimika kuwashusha hadi makumi machache na kuwazuia hapohapo kwa vizazi kadhaa, tena katika maji yaliyofungwa. Ghuba yako haijafungwa. Kila mwaka mkondo unaweza kukuletea watoto waliozaliwa mbali kabisa na shamba lako, na watoto hao hawajali umetega kiasi gani.

Hiyo haina maana kwamba unapoteza muda. Mitego inashusha idadi, na idadi ikishuka, watoto wa chaza na kome wanaonusurika wanaongezeka, na nyasi za baharini ambazo kaa huzing'oa akichimba zinapata nafuu. Kutega ni kama palizi, hufanyika kila msimu. Anayekuahidi kwamba siku moja utaacha kwa sababu wameishiwa jeni anakudanganya.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonivutia kuliko zote. Matoleo adimu yamepotea, sawa. Lakini ni matoleo gani yalibaki? Carolyn Tepolt wa Taasisi ya utafiti wa bahari ya Woods Hole, pamoja na wenzake, wamesoma maelfu ya nukta za vinasaba vya kaa hawa, yaani mahali kwenye DNA ambapo kaa mmoja huweza kutofautiana na mwingine, Ulaya na Marekani. Katika nukta hizo walikuta kundi la jeni zinazorithiwa pamoja, na kundi hilo lina matoleo mawili makuu. Uwiano wa matoleo hayo unafuatana na joto la maji. Dalili zinaelekeza kwamba ni kipande cha kromosomu kilichogeuka, mwanzo wake ukawa mwisho. Kikishageuka hivyo, jeni zilizomo hazichanganywi tena na zile za kipande kisichogeuka wakati mbegu na mayai vinapotengenezwa, kwa hiyo mtoto anazipata kama seti ya vyombo isiyouzwa kimojakimoja.

Ukoo wa pwani yenu, pamoja na kuchujwa mara mbili, ulifika na matoleo yote mawili. Kumbuka hesabu ya nakala 30 kwa 100: toleo la kawaida halipotei kirahisi. Na kwa kuwa jeni nyingi zimefungwa katika kipande kimoja, kaa wachache tu walitosha kubeba uwezo wote wa kuzoea maji ya joto na ya baridi. Leo ukipima kutoka California kwenda juu hadi British Columbia huko Kanada, uwiano wa matoleo hayo unabadilika kadiri maji yanavyobadilika joto, ilhali sehemu nyingine za vinasaba zao karibu zinafanana pwani nzima. Jambo hilo ni zito kuliko linavyosikika. Watoto wa kaa huelea na kuchanganyika umbali mrefu, na mchanganyiko wa namna hiyo kwa kawaida hufuta tofauti kati ya mahali na mahali. Tofauti ikibaki, maana yake maji yenyewe yanachagua upya kila kizazi, yakiua wasiofaa kwa idadi kubwa. Yote hayo yametokea ndani ya miongo michache tangu 1989.

Mtu aliyehesabu tu idadi ya matoleo angeandika kwamba kundi hili halina uwezo wa kubadilika. Angekosea kabisa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaopenda kutoa cheo cha hatari kwa kundi vamizi kwa kutazama wingi wa jeni zake. Wingi ni takwimu nzuri ya kujua historia, yaani walitoka wapi, walikuwa wangapi, walifika mara ngapi. Kwa kutabiri watafika wapi ni takwimu dhaifu sana.

Tena si kila uwezo uko kwenye tofauti za jeni. Watafiti wamepima mapigo ya moyo wa kaa hawa huku wakiongeza joto la maji kidogokidogo, na wakaona kwamba kaa akiwekwa kwanza kwenye maji ya moto kwa wiki kadhaa, moyo wake unastahimili joto kubwa zaidi kuliko wa mwenzake aliyetoka kwenye baridi. Hakuna kilichobadilika katika vinasaba vyake. Mwili wake umejirekebisha wenyewe. Mnyama wa aina hiyo anaweza kununua muda mpaka uteuzi wa asili, unaofanya kazi kizazi baada ya kizazi, umfikie.

Ukitaka kuona jinsi wingi wa jeni usivyotabiri ushindi, linganisha wavamizi wengine wa Marekani. Kome wa milia, Dreissena polymorpha, waligunduliwa Ziwa St. Clair mwaka 1988 baada ya kuletwa na meli kutoka Ulaya. Vinasaba vyao vilipopimwa vilikuwa na utofauti mkubwa, karibu sawa na kwao, dalili kwamba waliingia wengi na zaidi ya mara moja. Sasa mchukue Corbicula, samakigamba mdogo wa maji yasiyo na chumvi kutoka Asia. Huyu ni kioja. Katika koo zake vamizi mbegu ya kiume inaingia kwenye yai, kisha vinasaba vya mama kwenye kiini vinatupwa nje, na mtoto anakuwa nakala ya baba. Ukoo mmoja wa namna hiyo umesambaa Amerika na Ulaya, na mamilioni ya wanyama hao karibu ni kiumbe kilekile kimerudiwa. Mmoja tajiri, mwingine fukara wa kutupwa, na wote wawili wameziba mabomba ya mitambo ya umeme.

Karibu na kwetu kuna mfano wa Ziwa Nyasa. Konokono Melanoides tuberculata ana asili ya Afrika na Asia pia, kwa hiyo kumkuta ziwani hakukumshtua mtu. Utafiti wa mitokondria uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba kati ya waliokuwa wakizidi kuenea ziwani, wapo waliotoka Asia, wakiishi katikati ya wenyeji wanaofanana nao. Majike wa konokono huyu huzaa bila dume. Mmoja tu anatosha kuanzisha ukoo. Bila vinasaba, uvamizi huo ungeendelea kuhesabiwa kama ongezeko la kawaida la konokono wa ziwa.

Nisikufanye uamini kwamba utofauti hauna thamani. Pwani ya Tanga unajua mwani wa cottonii, uliokuja na kilimo cha biashara kutoka Ufilipino mwaka 1989 kupitia Zanzibar. Unapandwa kwa kukata vipande, kwa hiyo shamba zima ni mmea mmoja uliogawanywa. Maji yalipozidi kuwa ya moto na magonjwa yakaingia, wakulima wa maeneo mengi walishindwa kabisa kuuotesha. Chanzo kikuu ni joto, lakini mahali ambapo mimea yote ni sawa, kinachoua mmoja kinaua wote. Corbicula naye siku yake inaweza kufika. Tunachoshindwa ni kusema lini, na mwenye shamba la chaza hawezi kukaa akingoja.

Jambo ambalo ningependa ulichukue katika jibu hili refu linatoka Nova Scotia, Kanada. Ukoo wa kaa walioingia Marekani mwaka 1817 ulipanda kaskazini polepole, na katikati ya karne ya 20 ukafika Nova Scotia. Karibu na Halifax ukasimama kwa miongo kadhaa. Watu wengi waliridhika kwamba baridi imewawekea mpaka. Kisha katika miaka ya 1980 na 1990 kaa wakaanza kusonga tena, wakaizunguka Cape Breton na kuingia Ghuba ya St. Lawrence. Maelezo ya haraka yalikuwa kwamba maji yamepata joto, au kaa wamezoea baridi. Mwaka 2006 mtafiti Joe Roman alichapisha matokeo ya vinasaba yaliyobadilisha hadithi hiyo. Kaa wa kaskazini mwa Nova Scotia walikuwa na aina za mitokondria ambazo hazikuwahi kuonekana kusini, aina za Ulaya ya kaskazini. Ulikuwa uvamizi mpya juu ya uvamizi wa zamani. Utofauti ulikuwa mkubwa zaidi upande wa Mlango-Bahari wa Canso, penye bandari ya meli kubwa zinazopakua na kupakia maji ya farumi, yaani maji ambayo meli hubeba ili isiyumbe. Baadaye kaa wa Newfoundland, walioonekana mwaka 2007, nao walikutwa na mchanganyiko wa koo hizo mbili.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mvamizi akishaingia, ulinzi wa bandari na mipaka ya majimbo umekwisha kazi. Kwa pwani yenu hoja hiyo ni ya hatari hasa. Kaa wenu wametokana na mchujo finyu. Wakiletewa damu mpya kutoka Ulaya ya kaskazini au kutoka Kanada ya mashariki, watapata kwa siku moja matoleo ambayo mabadiliko ya asili yangechukua muda mrefu mno kuyaunda. Mkataba wa kimataifa wa maji ya farumi, uliopitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Septemba 2017, una faida hata katika bandari ambazo tayari zina wageni. Huko kwenye shamba lako, hoja hiyohiyo inahusu vibali vya kuhamisha chaza na mbegu zake kutoka ghuba moja hadi nyingine. Najua vinachosha. Lakini kaa mchanga mwenye ukubwa wa punje ya mahindi anajificha vizuri sana kwenye kreti la chaza au katikati ya mwani uliofungiwa chambo.

Nduguzo wa Tanga watakuuliza kama kaa huyu anaweza kufika kwetu. Cape Town yupo, alionekana mwaka 1983, lakini maji ya pwani ya Uswahilini ni ya moto mno kwa watoto wake. Sisi tuna wageni wetu wengine, kama konokono Pomacea canaliculata aliyegunduliwa kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, mwaka 2020, na yeye pia alithibitishwa kwa vinasaba.

Nimalizie na miguu. Spiriti inanyonya maji kwenye nyama na kusimamisha vimeng'enya ambavyo vingekatakata DNA ndani ya saa chache. Mguu unatumika kwa sababu una nyama safi, mbali na tumbo lenye mabaki ya wanyama wengine ambao kaa amewala. Maabara wanakata kipande kidogo, wanatenga DNA, kisha wanasoma nukta mamia au maelfu na kulinganisha na kaa wa mahali pengine. Kazi hiyo ilikwisha kujibu swali moja la majirani zenu: kaa walipotokea maji ya ndani ya Washington mwaka 2016, wengi walidhani wametoka Sooke, ng'ambo tu ya mlango-bahari. Vinasaba vikaonyesha kaa wa Sooke wana sura yao ya pekee, na kwamba wale wa Washington walifanana zaidi na kaa wa pwani ya bahari kuu. Juhudi zikaelekezwa kwenye kufuatilia mikondo inayoingia kutoka nje, badala ya kuilaumu Sooke.

Wewe unaweza kuwasaidia zaidi ya wanavyokuomba. Hakikisha kila kichupa kimeandikwa mahali mtego ulipokuwa na tarehe, kwa penseli kwenye karatasi iliyotiwa ndani, kwa sababu wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti. Usichanganye miguu ya mitego miwili hata kama iko karibu. Na wakikuachia uchague, usiwape wakubwa peke yao. Kaa mdogo wa mwaka huu anaonyesha watoto wametoka wapi msimu huu, na mkubwa anaonyesha wa miaka iliyopita. Wakilinganishwa wakaonekana wadogo wana aina ambayo wakubwa hawana, basi kuna mlango mpya umefunguka mahali fulani, na itakuwa bado mapema kuutafuta.